Kiini na Kiambaza

Kengeja, siku ya kumi ya mfunguo saba, 1366

Kwa mwanangu Nasor bin Mbaruk, mwalimu, huko Micheweni.

Salamu zikufikie, na nyuma ya salamu nakuuliza hali yako, na kifua chako, na chakula unachokula huko maweni. Mie mzima, namshukuru Mola, ila goti la kushoto linanisumbua na bado halijanishinda. Dada yako Thuraiya mzima. Barua hii naiandika kwa mkono wangu, sikuandikiwa na mtu. Wazee wa rika langu hapa wote wanaandikiwa. Mie chuoni nilikaa kidogo tu na naandika, wenzangu wamekaa mpaka wameota ndevu na hawajui alifu imesimama au imelala.

Sasa nisikize. Ijumaa baada ya sala Bwana Ahmada amenishika mkono mbele za watu. Unamjua, tumekua pamoja na mashamba yetu yamepakana, na mjukuu wake Msellem yuko skulini kwako kwa ajili yangu, mie ndiye niliyemwambia mpeleke kwa Nasor atamsomesha vizuri. Akanambia, "Mbaruk, mwanao amemfanya mjukuu wangu kiambaza."

Nikasema, "Kiambaza vipi? Ukuta wa udongo?"

"Amemsimamisha nje, juani, na fito mkononi. Na ndani, katikati, amemkalisha Kificho mtoto wa Ame Ngwali. Kisha anawaambia watoto huyo wa katikati ndiye mwenye kuongoza, akiondoka yeye wote wamekufa."

Nyange, yule jirani yetu wa mizaha, alikuwa anavaa makubadhi yake mlangoni, akacheka mpaka akakaa chini. "Mbaruk," akasema, "mwanao tulidhani amekwenda Unguja kusomea ualimu, kumbe amesomea kukandika mabanda!"

Nasor, Ame Ngwali ulimkuta hapa kwetu. Alikuwa akituchumia karafuu, na baba yake alimchumia babu yako, na chakula chao walikula nje ukumbini. Alipohamia huko Micheweni kuvua, ruhusa nilimpa mie. Simtukani, ni mtu mwema. Lakini kila mtu ana mahali pake pa kukaa, na wewe hukosi kulijua hilo.

Mbadilishe. Msellem akae katikati, Kificho ashike hizo fito, baba yake anazijua. Kazi ndogo hiyo, haikuchukui hata kikombe cha kahawa.

Mie baba yako, Mbaruk bin Nasor, mwenye mikarafuu ya Kengeja yote ya juu, mpaka mtoni.


Micheweni, 15 Machi 1947

Baba yangu mpenzi,

Nashika miguu. Barua yako nimeipata kwa dereva wa gari na nimeibusu kabla ya kuifungua. Kifua hakina neno. Goti nakuomba ulikande kwa maji ya moto, usilifanyie ushujaa. Thuraiya mpe salamu zangu na umwambie samli ilifika.

Baba, jambo hili limekufikia limepinda, niwie radhi nilinyooshe.

Kila chenye uhai, mkarafuu, mbuzi, mimi na wewe, kimejengwa kwa vitu vidogo ambavyo jicho halivioni. Kitabu cha Kiingereza kinaviita seli, mimi nawaambia watoto ni chembe. Chembe ya mti ina ukuta mgumu kwa nje. Nyuma ya ukuta pana utando laini, na ndani ya utando mna ute, na vitu vya kijani vinavyopika chakula kwa jua, na mfuko wa maji, na kiini kinachoongoza kazi zote. Chembe ya mnyama haina ukuta wala haina ukijani. Ndiyo maana mkarafuu husimama usiku na mchana, na sisi tukisinzia tunaanguka.

Nilianza kwa kuandika ubaoni. Waliimba kama kasuku na asubuhi yake hapakuwa na aliyekumbuka. Basi nikawagawa makundi na kuwatoa uwanjani. Kila kundi ni chembe moja, na kila mtoto ni sehemu yake moja. Wa ukuta wanashika fito. Wa utando wanazungusha kanga za mama zao. Wa kijani wamejifunga majani ya mgomba, na wa maji ana kibuyu. Kundi la chembe ya mnyama wana kanga tu, hawana fito. Nikiwasukuma wanabonyea upande mmoja na skuli nzima inacheka, na hapana anayesahau tena. Kila mmoja anaisoma kazi yake mpaka anaijua, kisha anawafundisha wenziwe wa kundi. Nimeazima hata darubini ya kukuzia vitu vidogo, wakatazama ngozi ya kitunguu, wakaziona chembe zenyewe zimepangana.

Si mimi niliyewapanga, baba. Walichagua wenyewe. Msellem aliutaka ukuta. Alisema ameona nyumba ikikandikwa kwa babu yake tangu nguzo ya kwanza, hapana wa kumfundisha ukuta. Amezifunga fito zile kwa ukindu, hata upepo wa kaskazini hauzitingishi. Na Kificho wamempa kiini kwa kuwa ndiye anayeweza kukieleza bila ya kubabaika. Nikimwondoa mmoja mahali pake, nimewavunja wote.

Mwanao mtiifu,
Nasor


Kengeja, siku ya kumi na nane ya mfunguo nane

Mwanangu Nasor, amani iwe juu yako, na kama unakohoa usinifiche. Sie wazima. Goti nimelikanda, nalo limekuwa kubwa zaidi, basi maji ya moto yako hayo wape wanafunzi wako.

Barua nimeisoma na kuirudia. Nimechukua kitunguu, nimekibandua ile ngozi nyembamba ya ndani, nimeielekeza juani. Sikuona kitu. Na mie ndiye ninayeuona mwezi wa Ramadhani kabla ya watu wote wa Kengeja, wakubwa hunitumia mtu kuniuliza, Mbaruk, umeandama? Thuraiya alikaa karibu yangu akatoka machozi bure. Lakini sikatai kwamba vipo. Mungu ameumba vingi asivyotuonesha.

Ulipojidanganya ni hapa. Unasema watoto wamechagua wenyewe. Tangu lini? Mtoto wa watu akisema nataka kusimama nje, mkubwa humwambia hapana, njoo huku ndani. Ndiyo kazi ya mkubwa hiyo, na wewe ndiye mkubwa hapo. Kama huwezi kumwinua Kificho kwa haya, mie nimekufikiria dawa nyengine. Wafanye wote chembe za mnyama. Umesema mwenyewe hazina ukuta. Basi hapatakuwa na mtu nje, na Bwana Ahmada hatakuwa na la kusema. Hilo nimelitoa kichwani mwangu mie, na sikusoma Unguja.

Usicheke. Nyange sasa ananiita Babu Kiambaza. Jana ameniita hivyo sokoni, mbele ya wauza samaki, na watoto wamelidaka. Mie, mtu niliyekuwa nikipita wakanyanyuka.

Nasikia mkaguzi wa skuli anakuja kwenu. Nitakuja na mie. Mkaguzi akimwona baba wa mwalimu atajua mwalimu hakuokotwa.

Baba yako, Mbaruk bin Nasor, wa Kengeja juu.


Micheweni, 22 Aprili 1947

Baba yangu mpenzi,

Nashika miguu na nakutakia afya, wewe na dada yangu. Goti hilo nionee huruma, lioneshe kwa daktari.

Nasema haya nimeinamisha kichwa. Nakuomba usije siku ya mkaguzi. Njoo wiki ya pili yake, nitakuchinjia mbuzi na nitakaa na wewe barazani watu wote wakuone. Siku hiyo tu usije.

Nikwambie kwa nini. Mkaguzi atafika Jumanne tarehe 29. Anataka kuona kama kufundisha kwa makundi kuna faida au ni mchezo. Na katika darasa langu ataandika jina la mtoto mmoja, mmoja tu, akasome Unguja na serikali imlishe na imvishe. Mtoto mwenyewe ni Kificho. Wenziwe wanajua, hata Msellem anajua, ndiye anayemsikiliza jioni akijizoeza. Bwana Ahmada ana njia nyengine za kumsomesha mjukuu wake. Ame hana njia nyengine. Mlango wa mtoto yule ni huo.

Mwanao,
Nasor


Kengeja, siku ya kumi na tano ya mfunguo tisa

Mwanangu, salamu. Nakuuliza hali ingawa wewe yangu hukuniuliza. Nimefika salama, si kwa wema wako, maana hukuja hata kunisindikiza garini. Thuraiya ananiuliza, Nasor amesemaje, amenenepa? Nimemwambia amenenepa.

Sasa umenuna, na mie sijui kosa langu. Nilikuja nimevaa joho la babu yako na jambia lake, mpaka mkaguzi mwenyewe alinipa mkono kabla ya kukupa wewe. Uliliona hilo. Nimefika uwanjani namwona Kificho wa Ame amekalia kiti katikati, na Msellem amesimama jua la utosi ameshika fito kama mtu anayezuia mbuzi. Moyo haukuweza. Na sikupiga kelele. Nilisema neno moja, "Kificho, simama umpishe mwenzio." Basi.

Akasimama. Mtoto ana adabu, sikatai. Aliinama, akasema, "Naam, bwana," akapita nyuma yangu asinikate mbele. Msellem nikamshika mkono nikamkalisha. Wewe ulikuwa na chaki yako, hukufungua kinywa, na hivyo ndivyo, mtoto hamjibu baba yake mbele za watu. Nilisema moyoni, huyu nimemlea mie.

Kisha mkaguzi akauliza sijui nini na Msellem akawa bubu, akaanza kulia. Hilo nalo langu? Mtoto umemfundisha tangu mvua hazijaanza, anaulizwa ulichomfundisha hajui? Ningekuwa mie mwalimu angejua.

Bwana Ahmada alinikumbatia msikitini. Nyange kimya. Nijibu.

Baba yako, Mbaruk bin Nasor.


Micheweni, 26 Mei 1947

Baba,

Nashika miguu. Mimi mzima. Nimechelewa kujibu kwa sababu kila nilipoanza nilipata maneno ambayo mtoto hamwandikii baba yake, nikayachoma.

Mkaguzi alimwuliza aliyekaa katikati, kiini kina kazi gani? Msellem aliujua ukuta. Angeulizwa ukuta unavyopitisha maji na unavyoushika mti usilale chini, angejibu mpaka adhuhuri. Kiini alikijua Kificho, na Kificho alikuwa ameshatoka langoni. Wa utando wakaachia kanga. Wa maji akamwaga. Mkaguzi ameandika kuwa makundi ni mchezo wa uwanjani na mimi nirudi ubaoni. Hayo ni yangu, nimeyameza.

Lakini Kificho hajarudi skuli. Nimekwenda kwao. Ame alinipokea kwa heshima zote. Alisema, "Mwalimu, aliyemwinua mtoto ni bwana mkubwa, na wewe ulikuwepo hukusema. Mie nitamkalisha vipi pale? Wewe utamkalisha vipi? Mwenye kumwinua ndiye wa kumkalisha."

Na kweli, baba. Huku kwetu ndivyo ilivyo, na wewe ndiye uliyenifundisha. Mzee akimnyanyua mtu kitini, si mtoto wake wala mjukuu wake anayeweza kumrudisha. Siwezi mimi. Unaweza wewe peke yako.

Nimemwandikia mkaguzi kumwomba amsikilize Kificho kwa mara nyengine. Amekubali, ikiwa mtoto atakuwa darasani kabla ya kuandama Ramadhani, maana majina yanapelekwa wakati huo. Njoo, baba. Mwambie Ame neno moja tu, kile kiti ni cha mwanawe. Huna haja ya kusema zaidi ya hilo. Nitakutumia gari, au nitakuja kukuchukua mwenyewe.

Msellem hali chakula na wenziwe siku hizi. Wanamwita Kiini.

Mwanao,
Nasor


Kengeja, siku ya ishirini ya Rajabu

Nasor mwanangu, salamu nyingi, na dada yako anakusalimu, anasema unaandika kama karani.

Nimekusoma. Sasa na wewe nisome mie. Mie Mbaruk bin Nasor nipande gari, goti hili limevimba, nipite Chake na Wete watu wananitazama, nikabishe hodi kwa Ame Ngwali. Akitoka nimwambie nini? Kwamba nilikosea kumwambia mtoto ampishe mwenzake? Babu yako angefufuka akanipokonya joho lake.

Lakini mie si mtu mbaya. Nakuletea kwa dereva kanzu mpya na kofia yangu ya viua, ile niliyovaa Idi, yenye kazi ya mkono ya marehemu mama yako. Mpe Kificho. Mwambie Mbaruk anasema vaa, urudi skuli. Mtu mzima akivua kofia yake mwenyewe akakupa, anatakiwa kusema nini tena? Hayo si maneno? Ame anatujua, ataelewa.

Na usininunie. Thuraiya amekwisha kukuwekea halua ya Idi.

Baba yako, Mbaruk bin Nasor.


Micheweni, 16 Julai 1947

Baba,

Nashika miguu. Natumai nyote wazima.

Kanzu na kofia vimerudi, nimevihifadhi kwangu. Ame hakukasirika. Alivikunja upya vizuri kuliko nilivyompelekea, akasema, "Mwambie bwana ahsante, nguo tunazo."

Majina yamekwenda Unguja juzi. La Kificho halimo. Wameandika la Msellem, kwa kuwa babu yake alikwenda kumwona mtu. Mtoto alikuja nyumbani kwangu akaniuliza kama ni lazima akubali.

Idi sitokuja. Niombee radhi kwa dada yangu.

Nasor


Kengeja, siku ya kumi na mbili ya mfunguo mosi

Mwanangu Nasor,

Salamu, na Idi njema iliyopita. Mie sijambo. Kifua chako sikiulizi, maana nimekisikia mwenyewe kimesafika, nitakwambia nilikisikia wapi. Halua yako Thuraiya amewapa watoto wa jirani, alingoja mpaka siku ya nne.

Nimekwenda kwa Ame.

Sikumwambia mtu. Nyange aliniona naparamia gari akauliza, "Babu Kiambaza, safari?" Nikamwambia nakwenda kutazama ng'ombe. Garini nilipanga maneno, Nasor, maneno mazuri, wewe mwenyewe ungeyanakili. Yalikuwa na aya ndani yake.

Ame nilimkuta uani anaziba nyavu. Aliponiona alizirusha huko akakurupuka. Akanitandikia mkeka mpya ndani, ndani kabisa, si ukumbini. Yeye akasimama. Nikamwambia, "Ame, kaa." Akasema, "Naam, bwana," na hakukaa. Nikamwambia tena, kaa, hapa ni kwako. Akacheka kidogo, akasema, "Bwana, niwie radhi, miguu yenyewe haitaki."

Basi nikazungumza na mtu aliyesimama. Mkewe alileta kahawa, nikanywa. Yale maneno ya garini hata moja halikuja. Nikasema, "Ame, yule mtoto. Kile kiti kilikuwa chake."

Akainama kidogo. Kisha akasema, "Nimesikia, bwana. Radhi mie nimetoa siku ile ile, wewe hujafika hata Wete."

Bora angenitukana. Mie matusi nayaweza, hapana anayenishinda kwa matusi Kengeja nzima.

Nikamwuliza mtoto yuko wapi, nimwambie mwenyewe. Akasema amekwenda dago na wajomba zake, kupiga kambi na kuvua huko upande wa Lamu, waliondoka mwanzo wa Ramadhani. Nikasema, akirudi mpeleke skuli, mwambie Mbaruk bin Nasor ndiye aliyesema. Ame akawa anatazama kikombe changu.

"Mie nilimwambia asubiri, bwana," akasema. "Nilimwambia bwana mkubwa namjua, ana maneno makali na moyo si mbaya, atakuja tu. Alisubiri. Kila gari la Kengeja likifika alikuwa yuko njia panda, amefua kanzu yake, anatazama anayeshuka. Mpaka kofia ilipokuja peke yake. Siku ya pili yake akaniuliza wajomba wanaondoka lini."

Nikamwuliza kama ameacha neno. Akasema, "Alisema ukija nikusalimie."

Nilitaka kuondoka na goti likakataa kunyanyuka, akaninyanyua Ame.

Nilipita skulini kwako. Nilisimama nje ya dirisha, upande wenye mti wa mbungo. Watoto walikuwa wamekaa safu safu, wanatazama ubao, wanaimba pamoja, ukuta, utando, ute, kiini, ukuta, utando, ute, kiini. Waliimba vizuri, hapana aliyekosa, na hapana aliyekuwa anacheka. Wewe uliniona. Najua uliniona kwa kuwa sauti yako ilikatika katikati ya neno. Kisha ukaugeukia ubao ukaendelea kuandika, na kifua chako safi, hukukohoa.

Sikuingia. Nataka ulijue hilo. Mlango ulikuwa wazi, na hapana wa kunizuia, lakini safari hii sikuingia.

Nimekwenda kukaa njia panda kusubiri gari. Lilichelewa. Jua lilikuwa kali, nikakaa, kila mtoto aliyetoka skuli nikamtazama, wakanisalimu wote, "Shikamoo babu," wakapita. Nilikuwa nikigeuka kuangalia njia ya skulini mpaka dereva akanambia, "Mzee, unamngoja mtu?" Nikamwambia hapana.

Baba yako